Mtaa Uliojijengea Maduka

Mwalimu wa darasa, kabla hatujaanza, tafadhali andika maneno haya ubaoni kwa herufi kubwa: MTAJI. HISA. DHAMANA. MPANGAJI. Wanafunzi wayasome pamoja mara mbili. Asante.

Leo habari yetu ni ya maduka. Tutasoma habari ya jengo moja lenye maduka mengi, lililojengwa mahali ambapo wafanyabiashara wakubwa hawakutaka kuja.

Kwanza tujiulize jambo dogo. Mama anayekaa mbali na soko akitaka mchicha, nyama na unga, anafanyaje? Ana njia mbili. Anaweza kupanda basi mpaka mjini, akalipa nauli ya kwenda na kurudi, akarudi na kikapu mapajani. Au anaweza kununua katika kiduka cha jirani. Huko bei iko juu na mchicha umenyauka. Asichokilipa kwa nauli atakilipa kwa bei. Nyinyi mnaokaa mbali na soko mnalijua jambo hili kuliko mimi ninayesema redioni.

Basi shida hiyo ipo hata katika nchi tajiri. Leo twende Marekani, katika mji wa Philadelphia. Mji huu uko upande wa mashariki wa nchi, kati ya New York na Washington. Katikati yake inapita barabara ndefu na pana iitwayo Broad, kutoka kusini hadi kaskazini. Sisi tutakwenda upande wa kaskazini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wengi weupe wa Philadelphia walihama katikati ya mji. Walikwenda kukaa katika nyumba mpya nje ya mji. Serikali iliwarahisishia mikopo ya nyumba hizo, na barabara kubwa za magari zilijengwa. Wakati huo huo Wamarekani Weusi wengi walikuwa wakija kutoka majimbo ya kusini kutafuta kazi. Wao hawakupewa mikopo ile, na katika mitaa mingi mipya hawakukubaliwa kununua nyumba. Kwa hiyo walibaki katika mitaa ya kaskazini ya mji, katika nyumba za zamani.

Maduka makubwa yaliwafuata wenye fedha. Nataka mwelewe vizuri jinsi kampuni kubwa inavyochagua mahali pa kuweka duka. Haitumi mtu kuuliza nani ana njaa. Inatuma mtu kuhesabu. Anahesabu nyumba ngapi ziko karibu, watu wanapata mshahara gani, kuna nafasi ya kuegesha magari mangapi. Kisha anauliza bima ya duka itakuwa kiasi gani. Hesabu ikionyesha faida ndogo, duka haliji. Kampuni haisemi kwamba inawadharau watu wa mtaa huo. Inaonyesha karatasi yake ya hesabu tu. Mimi naona karatasi ile ina upungufu. Mtu maskini naye hula kila siku, na watu maskini elfu thelathini wakinunua mkate kila siku, hiyo ni mikate mingi sana.

Mwezi wa Agosti mwaka 1964 pakatokea fujo kubwa katika barabara iliyoitwa wakati ule Columbia Avenue, kaskazini mwa Philadelphia. Watu walikuwa na hasira na polisi, na pia na wenye maduka waliokuwa wakikaa mbali na mtaa huo. Kwa siku tatu maduka yalivunjwa na kuporwa. Maduka zaidi ya 200 yaliharibiwa. Wengi wa wenye maduka hayo hawakurudi tena. Hivyo mtaa ambao tangu mwanzo haukuwa na maduka ya kutosha ukabaki na machache zaidi.

Sasa nitawajulisha mtu mmoja. Jina lake ni Leon Sullivan. Huenda wengine kati yenu mmelisikia jina hili. Mwezi wa Juni mwaka 2008, hapa Afrika Mashariki, mji wa Arusha ulikuwa na mkutano mkubwa wa viongozi wa Afrika na Wamarekani Weusi. Mkutano ule uliitwa Mkutano wa Leon Sullivan. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, mwaka 2001, lakini mikutano iliendelea kwa jina lake.

Sullivan alizaliwa mwaka 1922 katika jimbo la West Virginia. Mwaka 1950 akawa mchungaji wa kanisa la Zion Baptist, katika barabara hiyo hiyo ya Broad. Alikuwa mtu mrefu sana, mwenye sauti nzito. Mwaka 1960 yeye na wachungaji wenzake, yapata 400, walifanya jambo moja la ujasiri. Waliona kwamba watu weusi wananunua keki na mikate ya viwanda vya mji, lakini viwanda hivyo haviwapi kazi nzuri. Basi Jumapili, kila mchungaji katika kanisa lake akawaambia watu: kiwanda fulani kisinunuliwe bidhaa zake mpaka kitoe kazi. Watu wakatii. Kiwanda cha kwanza kilisimama muda wa miezi miwili hivi, kisha kikakubali. Baadaye viwanda vingine vikafuata, kimoja baada ya kingine.

Lakini Sullivan aliona kwamba kususia duka la mtu mwingine hakukupi duka lako. Hapo ndipo somo letu linapoanza hasa.

Mwaka 1962 alitoa mahubiri kanisani juu ya mikate mitano na samaki wawili. Wakristo mnaijua habari hiyo: mtoto mmoja alikuwa na chakula kidogo, kikatolewa, na watu elfu tano wakala. Sullivan akasema kwamba sisi pia tuanze na kilicho mkononi. Akaomba watu 50 wajitolee. Kila mmoja atoe dola 10 kila mwezi, kwa miezi 36. Alitaka watu 50. Waliojiandikisha walikuwa 227.

Dola 10 zilikuwa nyingi au chache? Mwaka 1962 mshahara wa chini kwa sheria ya Marekani ulikuwa dola 1 na senti 15 kwa saa moja ya kazi. Kwa hiyo dola 10 ni karibu kazi ya saa 9, yaani zaidi ya siku nzima. Na kumbukeni kwamba wanawake waliofanya kazi za nyumbani katika nyumba za watu hawakuwamo katika sheria hiyo wakati ule. Wao waliweza kulipwa chini ya hapo. Basi kutoa dola 10 kila mwezi kwa miaka mitatu haikuwa kazi rahisi.

Hapa tusimame kidogo. Najua mnafikiri nini. Mnafikiri: huu ni mchezo wetu wa upatu. Sivyo. Katika upatu kila mtu anatoa, na kila zamu mtu mmoja anapokea zote. Mwisho wa mzunguko kila mtu amekwisha kupata fedha zake, na hakuna kilichobaki. Upatu ni mzuri sana kwa kununua cherehani au kulipa ada ya shule. Lakini hauwezi kujenga jengo, kwa sababu fedha hazikai pamoja. Katika mpango wa Sullivan fedha zilikaa pamoja na hazikugawanywa. Fedha zinazokaa pamoja ili kuanzisha kazi huitwa MTAJI. Na sehemu ya kila mtu katika kazi hiyo huitwa HISA. Mwenye hisa ni mmoja wa wenye mali. Kazi ikipata faida, naye anapata. Kazi ikiharibika, naye anapoteza. Mtu akikuuzia hisa na kukuambia huwezi kupoteza, usimpe fedha yako.

Sullivan aliweka mfuko wa namna mbili. Dola za miezi 16 ya kwanza zilikwenda katika mfuko wa hisani. Huo ulikuwa wa kusaidia elimu na mambo ya jamii, na aliyetoa hakutazamia kurudishiwa. Dola za miezi 20 iliyobaki zilikwenda katika kampuni ya biashara, na huko ndiko watu walikopata hisa zao. Maana yake, kila mtu alitoa kwanza kwa ajili ya wenzake, ndipo akatoa kwa ajili yake. Baadhi yenu mtasema ingefaa kuanza na biashara. Mnaweza kubishana juu ya jambo hilo darasani baada ya kipindi.

Chukueni kalamu. Mtu mmoja alitoa dola 10 mara 36. Jibu ni dola 360. Sasa watu 227 mara 360. Fanyeni polepole. Jibu ni dola 81,720. Katika hizo, za hisani ni 227 mara 160, yaani dola 36,320. Za biashara ni 227 mara 200, yaani dola 45,400. Jumlisheni mbili hizo mwone kama zinarudi 81,720.

Baadaye mlango ulifunguliwa tena na watu wengine mamia wakaingia. Kazi yao ya kwanza ilikuwa nyumba. Walijenga nyumba za kupangisha zilizoitwa Zion Gardens. Halafu wakageukia maduka.

Jengo la maduka walilotaka kujenga lilihitaji dola milioni 1 na laki 7 hivi. Tazameni tena hesabu yenu: dola 81,720. Hazitoshi hata kidogo. Hata ukiongeza michango ya wale walioingia baadaye, bado. Basi hapa wengi hukata tamaa. Lakini mtaji wa kwanza haukuwa wa kulipia jengo lote. Ulikuwa wa kufungulia mlango wa benki.

Benki haimkopeshi mtu asiye na kitu. Inataka DHAMANA, yaani kitu kinachoionyesha kwamba fedha zake hazitapotea. Pia inataka kuona kwamba wewe mwenyewe umetia fedha zako, ili usikimbie mambo yakiwa magumu. Sullivan alipenda kusimulia jinsi alivyokwenda kumwona mkubwa wa benki moja ya Philadelphia. Mkubwa yule alikuwa na mashaka kwamba watu wale wataweza kupata fedha za kuanzia. Sullivan akamwonyesha fedha za watu wake. Anasema miwani ya yule bwana ilianguka, kisha akatoka nyuma ya meza yake akaja kumshika mkono. Sullivan alikuwa msimulizi hodari, na sijui kama miwani ilianguka kweli. Lakini mkopo ulitoka.

Palikuwa na fundo jingine, na hili ndilo gumu kuliko yote katika kazi ya kujenga maduka. Benki huuliza: nani atakodi? MPANGAJI ni mtu anayekodi nyumba au duka na kulipa kodi kila mwezi. Katika jengo la maduka, lazima apatikane mpangaji mmoja mkubwa, na mara nyingi ni duka la vyakula. Sababu yake ni hii: mtu hanunui viatu kila wiki, lakini chakula hununua kila wiki. Watu wakija kununua chakula, watapita pia kwa fundi viatu, kwa mfanya usafi wa nguo, na benki. Wadogo wanaishi kwa miguu ya wateja wa mkubwa. Kwa hiyo benki inasema, niletee mkataba wa mpangaji mkubwa ndipo nikukopeshe. Mpangaji mkubwa anasema, nionyeshe jengo ndipo nitie sahihi. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Katika mitaa ya maskini mambo mengi hufia hapo hapo.

Sullivan alilifungua fundo hilo. Kampuni kubwa ya maduka ya vyakula iitwayo A&P ilikubali kuwa mpangaji. Na safari hii wenye jengo ndio waliokuwa na la kusema. Walitaka maduka ya makampuni yatakayoingia yawape watu weusi kazi za umeneja, si za kufagia na kubeba tu. Pia maduka mengine yakawa ya wafanyabiashara weusi wenyewe, na pakawekwa mafunzo ya kuwafundisha watu kuendesha biashara. Hapo ndipo mwone tofauti kati ya mwenye jengo na mteja. Mteja anaweza kuomba tu. Mwenye jengo huandika ombi lake katika mkataba.

Jengo lilifunguliwa mwezi wa Oktoba mwaka 1968, katika barabara ya Broad, hatua chache kutoka Columbia Avenue, kule kulikotokea fujo miaka minne kabla. Liliitwa Progress Plaza, maana yake Uwanja wa Maendeleo. Maelfu ya watu walikuja. Lilikuwa la kwanza la namna yake katika Marekani: jengo la maduka lililojengwa na kumilikiwa na watu weusi. Kati ya wenye mali waliosimama pale siku ile walikuwamo watu waliotoa dola zao kumi kumi kwa miaka mitatu.

Ningeweza kuishia hapa, na somo lingekuwa tamu. Lakini wanafunzi watu wazima hawapendi kudanganywa, na habari haikuishia pale.

Si kila kazi ya kampuni ile ilifaulu. Waliwahi kuanzisha kiwanda cha kutengeneza vifaa vya mitambo ya anga, na kiwanda hicho hakikudumu. Maduka yalidumu, lakini mji wenyewe ulikuwa ukipungua watu. Mwaka 1950 Philadelphia ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Mwaka 2000 walikuwa kama milioni 1 na nusu. Viwanda vilifungwa, kazi zikapotea. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 mpangaji mkubwa wa vyakula akafunga duka lake katika Progress Plaza akaondoka.

Mnakumbuka nilivyosema juu ya miguu ya wateja. Duka kubwa likiondoka, wadogo wanabaki bila watu. Kwa miaka kama kumi watu wa mtaa ule walirudi kule kule walikoanza: basi na mifuko mapajani, au kiduka cha pembeni chenye biskuti na soda lakini bila mboga. Wazee waliotoa dola kumi zao walikuwa na hisa katika jengo lisilo na chakula.

Basi kumiliki jengo kuliwasaidia nini? Sikilizeni vizuri. Kama jengo lingekuwa la tajiri wa mbali, angeweza kuliuza. Angeweza kulivunja afanye mahali pa kuegesha magari, maana kiwanja kiko karibu na chuo kikuu kikubwa na bei ya ardhi ilikuwa ikipanda. Wenye Progress Plaza hawakufanya hivyo. Walishikilia jengo lao wakatafuta mpangaji mwingine wa vyakula mwaka baada ya mwaka. Hawakuweza kumlazimisha mtu kuja. Lakini mlango ulibaki wao.

Msaada ulitoka katika serikali ya jimbo lao, jimbo la Pennsylvania. Mwaka 2004, kwa juhudi za mbunge wa jimbo aitwaye Dwight Evans na watu wengine, serikali ile ilianzisha mfuko wa kuwasaidia wenye maduka ya vyakula. Ilitia dola milioni 30, na fedha nyingine zikatoka kwa wakopeshaji wa binafsi. Duka likikubali kwenda katika mtaa au kijiji kisicho na chakula bora, liliweza kupata mkopo au msaada wa kununua majokofu, kufundisha wafanyakazi na kutengeneza jengo. Maana gharama za kuanza katika mtaa wa namna hiyo ni kubwa kuliko nje ya mji. Kwa miaka michache mfuko huo ulisaidia maduka 88, makubwa na madogo.

Moja lilikuwa la Progress Plaza. Jengo lilitengenezwa upya, na Desemba mwaka 2009 likafunguliwa duka jipya la vyakula liitwalo The Fresh Grocer. Miezi miwili baadaye, Februari mwaka 2010, Bibi Michelle Obama, mke wa rais wa Marekani wa wakati ule, alikuja kulitazama. Alikuja kwa sababu serikali kuu ilitaka kueneza mpango kama huo katika nchi nzima. Jengo lilikuwa limepewa jina jipya: Sullivan Progress Plaza.

Duka jipya halikuwa mali ya watu wa mtaa. Lilikuwa la mfanyabiashara, naye alikuwa mpangaji, akilipa kodi. Wengine hawakupendezwa na jambo hilo, wakasema kazi ya Sullivan ilikuwa kujitegemea, na sasa tumerudi kungoja tajiri aje. Mimi sikubaliani nao kabisa, wala siwakatai kabisa. Kuendesha duka la vyakula ni kazi ngumu. Faida ni senti chache katika kila dola, na mboga zikikaa siku tatu ni hasara. Si aibu kumkodisha anayeijua kazi hiyo. Ila tajiri aliyekuja aliwakuta wenye nyumba, akaketi nao mezani kuandika mkataba. Wale wa mwaka 1962 hawakuwa na meza ya kumketisha mtu.

Haya, kipindi kinakwisha. Kazi ya nyumbani ni hii. Ikiwa darasa lenu lina watu 30, na kila mmoja akiweka shilingi 2,000 kila mwezi, mtakuwa na shilingi ngapi baada ya miezi 36? Andikeni jibu katika madaftari. Halafu kila mmoja aandike sentensi tatu: mtaa wako unakosa duka gani, kwa nini mwenye duka hajaja, na umewahi kumwuliza.

Mwalimu wa darasa, kusanya madaftari kabla ya kipindi kijacho. Kipindi kijacho tutasoma jinsi ya kuandika barua ya kuomba kiwanja katika halmashauri ya mji. Kwaherini.